Ukucha wa Fundi

Siku hizi kalipa za breki hutupwa zikiwa nzima. Pita nyuma ya gereji za pikipiki mjini Unguja utaziona kwenye rundo la vyuma chakavu: mwili wa aluminiamu hauna ufa, masikio ya kufungia yako sawa, nyuzi za bolti hazijaliwa. Kosa lao ni moja tu, pistoni imeshika kutu ikaganda. Mwenye skuta ameambiwa "hii imekufa", akauziwa nyingine ya boksi, akaenda zake. Kila ninapoziona namkumbuka mzee mmoja wa Ng'ambo, fundi wa vespa, ambaye neno "imekufa" lilimtoka kwa uchungu, na halikumtoka kabla hajaifungua kalipa, akaiosha na kuipitisha pistoni yake chini ya ukucha.

Ukucha huo ndio ulionifanya nishike kalamu. Ulikuwa wa kidole gumba cha kulia, ameuacha ukakua kupita wenzake, na katika mkono ule uliojaa makovu na weusi wa grisi ndio peke yake uliotunzwa. Pistoni ikishatoka na kufutwa kwa kitambaa chenye spiriti, aliishika kwa mkono wa kushoto akawa anaizungusha, huku ukucha ukitembea juu ya kromu kutoka ukingo hadi ukingo. Macho hayakuwa kwenye pistoni. Aliweza kuwa anakuhadithia bei ya ngisi Darajani au harusi aliyohudhuria Makunduchi. Mara maneno yanakatika. Anarudi nyuma kidogo, anapita tena, na palepale ukucha unakwama. Hapo ndipo alipovaa miwani, akasogea kwenye mwanga wa barabarani, na mteja akajua kwamba sasa ni wakati wa kunyamaza.

Alikuwa anatafuta kishimo. Kromu ngumu inayofunika pistoni ya chuma huonekana safi na imara, lakini ndani yake mna nyufa ndogo mno zisizoonwa na jicho, na kwa nyufa hizo maji ya chumvi hupenya hadi kwenye chuma. Kutu huanzia chini. Ikitanuka huinua kromu, kikatokea kipele, kipele kikapasuka, kikaacha shimo lenye kingo kali. Mzee alitaka kujua jambo moja: shimo liko wapi? Likiwa upande wa nje, karibu na pedi, mahali ambapo sili ya mafuta haifiki, pistoni ina maisha bado. Msasa mwembamba sana uliolowa maji, tena kwa mkono mwepesi, utaitosha. Likiwa kwenye njia ya sili halina msamaha, hata liwe dogo namna gani. Kingo zake zitaukwaruza mpira, mafuta yatavuja, na breki itamwacha mtu kwenye mteremko.

Kazi yake, basi, ilikuwa hukumu. Kusugua kila mtu anaweza, na kutupa ni rahisi zaidi. Kujua ipi isuguliwe na ipi itupwe ndiko kulikomgharimu maisha yake yote, na ndiko ninakoona kunatoweka mbele ya macho yetu huku tukidhani kwamba kilichopotea ni uvumilivu tu.

Alikuwa na mapenzi ya pekee kwa ile sili. Wengi hudhani kuna springi ndani ya kalipa inayoirudisha pistoni nyuma ukiachia breki. Hakuna. Kuna pete ya mpira ya pembe nne iliyokaa katika mfuo wake. Pistoni ikisukumwa mbele, pete hujipinda kuifuata. Mkono wa breki ukiachiwa, pete hujinyoosha na kuivuta nyuma kwa sehemu ya milimita, kiasi cha kuipa diski nafasi ya kuzunguka. Gurudumu zima hutegemea kujipinda na kujinyoosha huko. Mzee alipenda kuiweka pete mpya kiganjani mwa mteja, amwonyeshe pembe zake, na mara nyingi mteja alikuwa ana haraka.

Kwa mapenzi hayo hakuuacha mfuo bila kuukagua. Hata pistoni iwe nzuri kabisa, aluminiamu ya kalipa nayo huliwa na chumvi, na uozo wake ni unga mweupe mgumu unaojilimbikiza nyuma ya pete. Unga huo huisukuma pete kuelekea katikati, pete ikaikaba pistoni, breki ikawa inajishika yenyewe, diski ikapata moto. Fundi asiye makini husafisha pistoni ikameta, akaurudisha mpira mpya juu ya unga wa zamani, kisha akashangaa skuta imerudi mwezi unaofuata na ugonjwa uleule. Mzee alikuwa na spoku ya baiskeli aliyoikunja ncha na kuinoa kwa tupa. Kwa chombo hicho alikwangua mfuo pole pole, bila kuuchuna ukuta wake, na alipodhani umekwisha aliuosha kwa spiriti akakwangua tena. Nilimwona akifanya kazi hiyo kuanzia baada ya adhuhuri mpaka ilipokaribia alasiri, kwa kalipa moja, na hakuna mtu ambaye angekuja kuuona mfuo ule ukishafungwa.

Kuitoa pistoni iliyoganda ni elimu nyingine. Siku moja alikuja kijana na kalipa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani kakwambia uikate kwenye paipu?"

"Nimeona itakuwa rahisi kubeba."

"Basi umenibebea kazi, mwanangu."

Maana kwa mzee huyu kitu cha kwanza kilikuwa kuiacha kalipa kwenye paipu yake, kutoa pedi, kisha kuubana mkono wa breki. Mafuta yaliyoisukuma pistoni miaka yote ndiyo yatakayoitoa, na nguvu yake ni kubwa kuliko ya koleo lolote. Kalipa nyingi zina pistoni mbili, na mara nyingi moja hutoka kwa hiari huku ya pili ikikaidi. Hapo huibana ile iliyo tayari kwa kipande cha mti ili nguvu yote iende kwa mkaidi. Aliyoletewa ikiwa imekwisha katwa aliifunga kwenye bomba la grisi na kuipampu kupitia tundu la paipu, kazi chafu ambayo baadaye ilimlazimu kuosha kila kona, kwa sababu grisi ya kawaida na mpira wa breki ni maadui. Upepo wa kompresa hakuupenda. Upepo uliobanwa hujikusanya kimya, kisha pistoni ikiachia huruka kwa nguvu ya kuvunja kidole. Plaisi juu ya kromu kwake ilikuwa haramu. Meno yake huacha alama, na kila alama ni mlango wa kutu nyingine.

Petroli na mafuta ya taa aliviweka mbali na benchi lake. Mpira wa breki ukiguswa navyo huvimba, na mpira uliovimba huikaba pistoni kuliko kutu. Pete mpya aliipaka mafuta mapya ya breki tu, akaisukuma pistoni kwa vidole gumba viwili, sawasawa pande zote, bila nyundo. Ikigoma aliitoa akaanza upya.

Wazee wanaokumbuka vespa za zamani watasema mbona hatukuwa na taabu hizi. Kweli, hazikuwapo. Vespa iliyotoka Pontedera mwaka 1946, kazi ya Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta, ilifungwa breki za ngoma, na ngoma ziliendelea kwa miongo mingi. Washindani wake wa Lambretta ndio waliotangulia kuuza skuta yenye diski mbele, TV 175 ya mwaka 1962, ingawa ilivutwa kwa waya. Vespa PX, ile inayopendwa sana huku kwetu, ilipewa diski ya mafuta mwaka 1998. Sina ugomvi na diski. Husimamisha chombo vizuri zaidi, hasa mvua za masika zinapogeuza njia kuwa mito. Lakini diski huishi nje, uchi, chini kabisa karibu na barabara, na kalipa yake hupokea kila kinachorushwa na gurudumu. Visiwani kinachorushwa ni mchanga wenye chumvi.

Na chumvi tunaijua. Mafundi wa majahazi waliipaka mbao deheni kwa nje na sifa kwa ndani, wakalitoa jahazi majini kwa majira yake, wakalikalafati upya. Hawakuota kuishinda bahari. Waliichelewesha, msimu kwa msimu, na kuichelewesha huko walikuita kazi. Mzee wa Ng'ambo alizungumza kwa roho hiyohiyo. Ukirudi kutoka Paje au Nungwi, mwaga ndoo ya maji matamu juu ya kalipa kabla hujaingia ndani. Mafuta ya breki yabadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama hayajapungua, kwa sababu yanakunywa unyevu wa hewa kupitia kwenye paipu na kifuniko cha tangi. Alijua pia kwa nini: mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya kabisa hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishalowa, kiwango chao kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Maji hayohayo ndiyo yanayoanza kuila pistoni kutoka ndani, upande ambao hata ndoo haiufikii. Skuta nyingi zinazokodishwa kwa wageni hushinda juani ufukweni, hurudi mjini usiku na kulala hivyohivyo, msimu mzima. Wenye nazo huja kulalamika kwamba breki za siku hizi hazidumu.

Pistoni iliyohukumiwa kufa nayo haikuwa mwisho wa kalipa. Aliipeleka kwa mkereza vyuma, akaagiza nyingine ya chuma kisichoshika kutu, na akasimama pale na maikromita yake. Ikiwa nene kupita kiasi itakaba breki ikipata moto, ikiwa nyembamba itavuja. Akiona kipimo hakikai aliirudisha bila kugombana. Kazi ya wawili hao imo mpaka leo katika vespa kadhaa zinazopita Mkunazini na Kikwajuni, na wenye kuzipanda hawajui.

Uzembe wa sasa una sura mbili, na zote zinaniuma. Yupo anayetupa bila kufungua. Yupo pia anayefungua, akaona kutu, akachukua msasa wa mbao akaisugua pistoni mpaka kromu ikaisha, akairudisha na kudai fedha za matengenezo. Wa kwanza anapoteza chuma kizuri, na badala yake huweza kufunga kalipa ya bei nafuu ambayo kromu yake haimalizi masika mawili. Wa pili anahatarisha roho ya mtu. Hakuna kati yao aliyetazama.

Mzee hafungui tena kibanda, macho yamekataa. Kijana aliyekaa naye mwishoni ana gereji yake sasa, safi, yenye taa nzuri kuliko alizowahi kuwa nazo mwalimu wake. Nilimuuliza kama bado anazifungua kalipa na kuzikagua. Alinijibu kwa adabu, bila kukwepa: "Najua kuzifungua, bwana. Lakini mteja hanilipi kwa kutazama. Ananilipa kwa kubadilisha."

Sikuweza kumlaumu. Mzee alikuwa akidai ada ya kufungua na kukagua, hata pale ambapo jibu lake lilikuwa kwamba pistoni haifai na hatairudisha. Alipoteza nusu siku juu ya mfuo na ukingo wa shimo ili aweze kusema neno hilo kwa haki. Wapo wenye vespa waliomwita mwizi kwa ajili ya ada hiyo, mbele ya watu, wakisema hakutengeneza kitu. Baadhi yao walimlipa nusu, na wengine waliichukua kalipa yao wakaondoka bila kulipa chochote.