Ukimya wa Ibn Batuta Juu ya Mawe ya Kilwa: Je, Ni Hoja?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ibn Batuta alifika Kilwa mwaka 731 H (1331). Katika Rihla yake aliwasifu watu wake kwa dini na wema, akasema wao ni Mashafi, na kwamba mji umejengwa kwa mbao. Jengo la Msikiti Mkuu wa mawe hakulieleza.

Wapo wanaousoma ukimya huo kama ushahidi. Mmoja husema: lau msikiti wa mawe ungekuwapo, angeueleza. Wa pili husema: hakutaja maulidi, basi hayakuwapo. Wa tatu hujibu: hakuyakemea, basi aliyaridhia. Wote watatu wamekosea mahali pamoja.

Imam Shafi (R.A.) ametufundisha kuwa aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Wanavyuoni wakavua hali moja: ukimya mahali ambapo kusema kunahitajika. Ndiyo maana ukimya wa bikira anapoulizwa kuhusu ndoa yake ni idhini. Na Amr bin al-As (R.A.) alipowasalisha wenzake kwa tayamamu, naye ana janaba katika usiku wa baridi kali, Mtume (S.A.W.) alimuuliza, akasikia hoja yake, akacheka asiseme kitu. Ukimya ule ni dalili, kwani Mtume hanyamazii batili.

Je, Ibn Batuta alilazimika kutueleza kuta? Hasha. Safari yake iliandikwa kwa imla na kukamilika mwaka 756 H (1355), zaidi ya miaka ishirini baadaye. Kilichobaki moyoni mwake Kilwa ni ukarimu wa Sultani Hassan bin Suleiman, Abul-Mawahib. Asimulia kuwa sultani alitoka kusali Ijumaa, fakiri wa Kiyemeni akamwomba nguo alizovaa, naye akaingia nyumbani kwa khatibu wa msikiti, akazivua na kumpa. Khatibu katajwa, msikiti katajwa, mawe hayakutajwa! Ama kauli yake kuhusu mbao ni ya jumla, na kauli ya jumla huhusishwa hata na kinachoonekana kwa macho. Sehemu ya kaskazini ya msikiti ule ni kongwe kuliko safari yake, na kuta zake zingali Kilwa Kisiwani.

Na wa tatu akumbuke: alipokuwa kadhi Maldives, Ibn Batuta alikemea mavazi ya wanawake. Kilwa alikuwa mgeni, hakuwa na hukumu mkononi.

Basi ndugu zangu maimamu, mzozo wa maulidi una dalili zake, na utafutwe humo. Tusiwatwishe wazee wetu wa Kilwa kauli wasizozisema, wala tusiwavue amali kwa kuwa msafiri mmoja hakuziandika. Maiti hawezi kujitetea, na kumshuhudilia bila ya elimu ni dhulma.

Wallahu a'lam.