Kigingi na Kamba: Usiku Kumi wa Italia, Safari Nne

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Maofisini msemo huu umechafuliwa na wala rushwa, lakini kwa mpangaji wa safari ni kanuni safi ya vipimo. Kigingi ni kitanda unacholalia. Kamba ni umbali unaoweza kwenda asubuhi na kurudi jioni ukiwa bado na hamu ya chakula. Ukikosea mahali pa kupiga kigingi, utaizunguka nchi nzima na kurudi na picha za stesheni tu.

Mezani nilikuwa na karatasi nne, na zote ziliomba kitu kimoja: usiku kumi, Italia. Ya kwanza ni ya mahujaji wa Kikatoliki kutoka Iringa, wengi wao wamevuka miaka sitini. Ya pili ni ya maharusi wa Dar es Salaam wanaokwenda fungate. Ya tatu ni ya familia ya Nairobi yenye watoto watatu, likizo yao ni ya Desemba. Ya nne ni ya wazee wawili wa Mombasa, mume na mke, wastaafu, watu wa swala tano. Ajabu ni kwamba orodha zao za miji zilifanana kama zimenakiliwa: Milano, Venezia, Firenze, Pisa, Roma, Napoli.

Orodha hiyo inaangukia kwenye hesabu. Kuhama mji kuna bei isiyoandikwa kwenye tiketi yoyote. Chumba hurudishwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kinachofuata hukipewi mpaka saa nane au tisa mchana. Katikati kuna mabegi, stesheni, treni, na kutafuta mtaa usioujua. Hesabu nusu siku kwa kila hamisho. Miji sita ina mahamisho matano, yaani siku mbili na nusu zimeyeyuka, na usiku kumi una siku kamili tisa tu. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa mmoja kwa karatasi zote: vigingi viwili, visizidi vitatu.

Kinachowezesha hilo ni reli. Kwa treni ya kasi, kutoka Roma hadi Napoli ni kama saa moja na dakika kumi, Roma hadi Firenze saa moja na nusu, Firenze hadi Bologna chini ya dakika arobaini, Bologna hadi Venezia saa moja na nusu, Roma hadi Milano saa tatu. Tangu 2012, Italo inashindana na Trenitalia katika njia hizo, na bei hupanda na kushuka kama za ndege: aliyewahi hulipa kidogo. Treni za mikoa, zile za polepole, zina nauli moja leo na kesho. Sharti lake ni kwamba tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye mashine ya stesheni kabla hujapanda, la sivyo utatozwa faini ndani ya behewa ukiwa na tiketi yako halali mkononi.

Hatua ya pili ilikuwa kutafuta vigingi vilivyokwishapigwa na wengine, visivyong'oka. Jumba la sanaa la Uffizi, Firenze, hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Kule Milano, mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci hutazamwa kwa dakika 15 tu kwa kila kundi, na nafasi huwekwa mapema. Tangu Novemba 2024, Pompei haipokei zaidi ya watu 20,000 kwa siku, na tiketi huandikwa jina. Siku hizo huandikwa kwenye kalenda kwanza, kisha miji hupangwa kuzizunguka. Wengi huanza na miji, halafu hufika mlangoni siku ambayo mlango umefungwa.

Hatua ya tatu ndiyo iliyokuwa na mtego: visa ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi chini ya 12, na aliye chini ya sita halipi. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Anayepokea faili anataka kuona utalala wapi kila usiku. Wakati huohuo, tiketi za treni za bei ya chini kabisa huuzwa mapema, na nyingi hazirudishiwi fedha. Ukizinunua kabla ya visa unacheza kamari, na ukingoja unalipa zaidi. Tulifuata mpangilio huu: kwanza vyumba vinavyoweza kufutwa bure, pili visa, kisha siku ileile visa inapotoka, treni za kasi na makumbusho. Nyongeza ya nauli iliyotokana na kungoja ilikuwa bei ya kulala usingizi.

Mwisho ni ndege. Kuingia na kutokea mji uleule kunakulazimisha kurudi nyuma, na hiyo ni nusu siku nyingine. Ethiopian Airlines hutoka Addis Ababa kwenda Milano na pia Roma, kwa hiyo karatasi tatu kati ya nne ziliingilia kaskazini na kutokea Roma. Baada ya hapo kila karatasi ilishika njia yake.

Kwa mahujaji, kigingi kikuu kilikuwa siku ya wiki: Jumatano, siku ya katekesi ya Baba Mtakatifu. Tiketi zake ni bure, ila kikundi huziomba mapema, na foleni ya ukaguzi huanza alfajiri. Watu wa Iringa walikuwa na kigingi kingine ambacho wakala wa kawaida asingekifikiria: Torino. Huko ndiko padre Giuseppe Allamano alikoanzisha Shirika la Wamisionari wa Consolata mwaka 1901. Wamisionari wake walifika Kenya mwaka uliofuata, na Iringa mwaka 1919. Allamano alitangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Mtu aliyebatizwa katika misheni ya Tosamaganga, Iringa, akisimama katika Patakatifu pa Consolata mjini Torino, anasimama kwenye chemchemi ya historia ya parokia yake. Basi Pisa ikafutwa, Napoli ikafutwa. Torino usiku tatu, Assisi mbili, Roma tano. Kamba yao ni fupi, kwa sababu magoti ndiyo yanayopima. Kutoka Torino hadi Assisi kwa treni kuna kubadili na kubeba mabegi ngazini, kwa hiyo kipande hicho kimoja walikodi basi. Kule Assisi, nyumba ya kulala ilichaguliwa ndani ya mji wa kilimani, wasije wakaupanda mlima kila asubuhi. Kuba la Mtakatifu Petro, lenye ngazi 551 kwa asiyetumia lifti, waliachiwa wenye pumzi.

Maharusi wana kamba ndefu na fedha ya kupimia. Kishawishi chao kilikuwa kulala Mestre, upande wa bara, ambako vyumba ni nafuu, na kuingia Venezia kutwa. Hesabu ilikataa, ingawa si ya kiingilio. Tangu 2024, mgeni wa kutwa hutozwa kiingilio katika siku maalumu za msimu, euro 5, na mwaka 2025 ikawa euro 10 kwa anayechelewa kulipa. Anayelala popote ndani ya manispaa, hata Mestre, husamehewa, ingawa hulipa kodi ya usiku, kwa hiyo kiingilio hicho hakikuamua lolote. Hesabu iliyokataa ni ya saa. Umati wa kutwa huondoka jioni, na Venezia ambayo maharusi waliiona kwenye picha, maji yametulia na vichochoro vi vitupu, ni ya baada ya chakula cha usiku na kabla ya saa mbili asubuhi. Anayelala Mestre analipia mji kisha anaukosa katika saa zake bora. Wakapewa Venezia usiku tatu, Firenze tatu, Roma nne.

Familia ya Nairobi ndiyo iliyoshangaa zaidi, maana niliwapa Bologna, mji ambao haukuwa kwenye orodha yao. Bologna ni fundo la reli: Firenze chini ya dakika arobaini, Modena yenye makumbusho ya Enzo Ferrari karibu nusu saa, Ravenna yenye michoro ya vijiwe vya rangi kama saa moja na robo, na Venezia yenyewe ni kwenda na kurudi. Kigingi kimoja, kamba nne. Nyumba ya kukodi yenye jiko inawatosha watu watano, na mtoto akiamka na homa, safari ya siku hiyo hufutwa bila kufuta chumba. Desemba nayo ina masharti yake. Jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, jambo geni kwa mtoto wa Nairobi, na mvua haibishi hodi. Hapo ndipo sifa ya Bologna ilipofanya kazi: mitaa yake ina baraza zenye nguzo, kilomita nyingi mfululizo, zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2021. Watoto hutembea jioni nzima bila mwavuli. Kukodi gari nilikukataa. Vitovu vya miji vimezungushiwa kamera za kuzuia magari ya wageni, kila kupita ni faini, nayo hukufuata hadi nyumbani miezi kadhaa baadaye. Roma usiku nne za mwisho ilikuwa zawadi ya mfuko: makumbusho na magofu ya serikali, Koloseo ikiwemo, hayamtozi kiingilio aliye chini ya miaka 18.

Wazee wa Mombasa ndio walionifundisha zaidi. Chakula kilikuwa swali lao la kwanza, na Roma ina mitego: pasta ya carbonara na amatriciana hutiwa shavu la nguruwe, mchuzi wa nyama mara nyingi una divai, na baadhi ya mikate hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Niliwapeleka Palermo kwanza, usiku tano, kwa ndege ya kuunganisha kutoka Roma. Waislamu waliitwaa Palermo mwaka 831, na utawala wao ukadumu hadi 1072. Kando ya barabara huuzwa panelle, vibapa vya unga wa dengu vilivyokaangwa, ambavyo mla bhajia wa Mombasa havimpi shida. Magharibi, Trapani, hupikwa kuskusi ya samaki. Na mji unasomeka kwa Kiswahili: mtaa wa Kalsa ni al-Khalisa, ndugu wa neno letu 'halisi'. Jumba la Zisa ni al-Aziza, yaani azizi. Njia kuu ya zamani, Cassaro, ni kasri. Katika lango la kanisa kuu ipo nguzo iliyochongwa aya ya Kurani. Na katika mji huohuo, mwaka 1154, al-Idrisi alimkamilishia mfalme Roger II kitabu chake cha jiografia, ambamo Malindi na Mombasa zimetajwa. Baada ya hapo Roma, usiku tano, kigingi chake kikiwa Ijumaa katika Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 1995.

Nilipozipanga karatasi nne zilizokamilika ubavu kwa ubavu, mji uliobaki katika zote ulikuwa mmoja, Roma, na kila mara ulikuwa wa mwisho, kwa sababu ndege ya kurudi iko hapo. Hata hivyo haukuwa Roma mmoja. Wa mahujaji ulijengwa juu ya Jumatano, wa wazee juu ya Ijumaa, wa familia juu ya kiingilio cha bure na giza la mapema. Maharusi peke yao hawakuniuliza siku. Waliuliza kama chumba kina roshani, nami nikakipiga kigingi hapo.