Maryam Alikosa Namba

Hadithi za michezo za vijana zina kanuni yake, na ukishazisoma tatu nne unaijua kama njia ya kwenda kisimani. Kuna marafiki wawili. Kuna timu. Inafika siku ambayo mmoja wao lazima aamue: aende mazoezini au abaki na mwenzake, amwambie kocha ukweli au amfichie rafiki, apige penalti yeye au amwachie yule aliyeingoja msimu mzima. Mwishoni kuna mechi, na nani kashinda si neno sana. Neno ni kama wale wawili bado wanasalimiana. Mimi nazipenda hadithi hizi, sitaficha. Ninachotaka kujua ni kama kanuni hii inafanya kazi Garissa.

Nauliza kwa sababu ya mwandishi na mchoraji mmoja wa Marekani, Victoria Jamieson. Mwaka 2015 alitoa Roller Girl, riwaya ya picha kuhusu Astrid, msichana wa miaka 12 anayeishi Portland. Astrid amependa mchezo wa viatu vya magurudumu, ule ambao wasichana wanagongana na kuangushana kwa ruhusa kamili ya refa. Rafiki yake wa tangu utotoni, Nicole, anataka baleti. Likizo moja tu inatosha kuwatenganisha. Kitabu kilipata heshima ya Newbery mwaka uliofuata, na kilistahili.

Kisha mwaka 2020 Jamieson huyo huyo, akishirikiana na Omar Mohamed, akatoa When Stars Are Scattered. Ni maisha ya Omar mwenyewe, aliyekulia kambi za Dadaab, hapa hapa kaunti ya Garissa. Kiliingia fainali ya tuzo ya kitaifa ya vitabu ya Marekani. Kwa mhakiki hii ni bahati ambayo haiji kila siku: mkono mmoja umechora urafiki wa utineja Portland, halafu ukachora urafiki wa utineja Dadaab. Unaweza kuviweka vitabu viwili mezani na kuona nini kimebadilika.

Kilichobadilika ni bei ya kukosea. Astrid anamdanganya mama yake kwamba Nicole yuko naye kambini kwenye mazoezi. Uongo unafichuka, mama anakasirika, machozi yanatoka, na kesho yake chakula kipo mezani kama kawaida. Kosa lake lina nafasi ya kusameheka kabla kitabu hakijafungwa. Omar, ambaye mwanzoni ana kama miaka 11, anaambiwa anaweza kuanza shule. Akienda, nani atamwangalia Hassan? Hassan ni mdogo wake, huwa anapatwa na kifafa, na katika maneno yote ya dunia anatamka moja tu, Hooyo, yaani mama. Hapo hakuna kocha wa kumwomba ushauri. Kila siku Omar anayokaa darasani ni siku ambayo Hassan yuko mikononi mwa mwingine, na sisi wasomaji tunaihesabu pamoja naye.

Utaniambia hiki si kitabu cha michezo. Nakubali nusu. Wavulana wanacheza kandanda kwenye vumbi, Omar na rafiki yake Jeri wamo, lakini hakuna ligi wala kombe. Hata hivyo mifupa ya hadithi ni ile ile: nafasi chache, wachezaji wengi, na mtu fulani ameshika orodha. Dadaab ilianza mwaka 1991 kwa mpango wa watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011 ilikuwa na zaidi ya 400,000. Majina ya walioitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine yanangojwa jinsi kikosi cha Jumamosi kinavyongojwa ubaoni, tofauti ni kwamba hakuna anayekwambia ufanye mazoezi gani ili upate namba.

Na hapa ndipo wanapoingia Nimo na Maryam. Hawa ni wasichana wawili wanaosoma pamoja na Omar, wote wakali darasani, pengine kumshinda yeye. Maryam anaozeshwa kabla hajamaliza shule, kwa sababu familia yake inahitaji fedha. Nimo anaendelea mpaka anapata ufadhili wa kwenda kusoma Kanada. Kwangu mimi hawa ndio Astrid na Nicole wa kitabu hiki. Ndio marafiki wawili ambao njia zao zinaachana. Lakini Astrid na Nicole waliachana kwa kupenda vitu tofauti. Nimo na Maryam walipenda kitu kimoja.

Nimekisoma kitabu hiki na wasichana wa kidato cha pili mjini Garissa. Nilitayarisha maswali kuhusu Omar. Hawakuyataka. Walitaka kujua habari za Maryam: alisema nini usiku ule, Nimo alimwendea au alijifungia na vitabu vyake, na je, baadaye walionana? Mmoja akauliza, "Kwani Nimo angefanya nini, mwalimu? Angemficha wapi?" Mwingine akamjibu kwamba hata kulia naye ni kufanya kitu. Walibishana mpaka kengele ikalia. Kitabu chenyewe hakina jibu, maana tunayaona yote kwa macho ya Omar. Ni haki yake, ni maisha yake. Lakini lawama yangu inabaki: urafiki wenye uzito kuliko wote humo ndani unatokea nje ya picha, na tunaletewa matokeo tu, kama mtu anayesikiliza mabao redioni bila kuiona mechi.

Msichana mwingine wa Kisomali alipata namba, tena ya Olimpiki. Samia Yusuf Omar wa Mogadishu alikimbia mita 200 Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 17, akamaliza wa mwisho kwa mbali, sekunde 32.16, na uwanja ukamshangilia. Mwaka 2012 alikufa baharini akijaribu kuvuka kutoka Libya kwenda Ulaya. Giuseppe Catozzella, Mwitaliano, aliandika riwaya kumhusu, Non dirmi che hai paura (2014), na Mjerumani Reinhard Kleist akafuata na riwaya ya picha. Catozzella anampa Samia rafiki, Ali, mvulana wa ua mmoja lakini wa ukoo mwingine, ambaye anajifanya kocha wake wakiwa bado watoto wadogo. Sehemu hiyo ni tamu kweli. Halafu Ali anajiunga na al-Shabaab, na hapo mimi nasita. Si kwamba haiwezekani. Tumeona vijana wakipotea hivyo huku kwetu pia. Ila mwandishi anaruka njia nzima kutoka mvulana mwenye saa ya kuhesabia mbio hadi mvulana mwenye bunduki. Uamuzi mgumu hatuoneshwi. Tunaoneshwa usaliti umeshaiva.

Na kocha je? Katika hadithi hizi kocha ndiye nguzo ya nyumba. Huku nguzo hiyo inaweza kupata uhamisho. Novemba 2014 basi lilishambuliwa Mandera, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda likizo. Baada ya hapo walimu wengi wa kutoka daun Kenya, kama tunavyopaita huku, walikataa kurudi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa Garissa, na TSC ikawahamisha wasio wenyeji. Kwenye takwimu huo ni upungufu wa walimu. Kwenye timu ya shule ni kwamba mwalimu wa hesabu, ambaye pia ndiye kocha, kaondoka na mtoto wake aliyekuwa winga. Sijasoma riwaya ya vijana ambayo kocha anaondoka katikati ya msimu kwa sababu naye ana haki ya kuishi, ikabaki kwa watoto kuamua kama wataendelea kumwandikia winga wao wa zamani au watamwona kama aliyewatoroka. Ningeinunua leo.

Kuna na suala la hijabu, ambalo ukilifikiria limejaa hadithi. FIFA iliiruhusu uwanjani mwaka 2014. FIBA, ya mpira wa kikapu, ilikawia hadi 2017. Katikati hapo, kwenye Michezo ya Asia huko Incheon, timu ya wanawake ya Qatar iliamua kuacha mechi kuliko kuvua. Sasa weka marafiki wawili kwenye timu kama ile, mmoja yuko tayari kuvua kwa dakika arobaini na mwingine hayuko tayari, na wote wawili wanampenda Mungu. Huo ndio uamuzi mgumu, maana hakuna mbaya kati yao.

Watu wetu wa michezo wanaandikwa, lakini wanaandikwa wakishavuka bahari. One Goal ya Amy Bass (2018), ambacho si hadithi ya kubuni, ni kuhusu timu ya shule ya upili ya Lewiston, jimbo la Maine, iliyotwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2015 ikiwa imejaa vijana wa Kisomali, baadhi yao waliopitia Dadaab. Ni kitabu kizuri. Lakini ndani yake Dadaab ni mahali pa kutoka. Mpira uliochezwa huko unatajwa kama maandalizi ya ule wa Marekani, na wale waliobaki wakiucheza hawana ukurasa.

Kwa hiyo nikipata mwandishi wa Kiswahili anayetaka kazi, nitamwomba hivi. Aanze siku ile barua ya Kanada inapofika. Asimfuate Nimo kwenye ndege. Aende kwanza nyumbani kwa Maryam, ambaye habari imemfikia kabla ya Nimo kuja kumwambia, na ambaye sasa hivi yuko jikoni anaamua kama atamfungulia mlango.