Presha Mbili: Kuchagua Kipima Upepo cha Matairi ya Gari-Nyumba kwa Barabara za Kaskazini ya Cabo Delgado

Gari-nyumba linalotoka Mtwara kwenda Palma kwa kupitia Daraja la Umoja huondoka na upepo wa lami na kufika na upepo wa mchanga. Kutoka Mtwara hadi Masasi, kisha Mangaka na Mtambaswala, ni lami, na matairi yanataka kujaa sawasawa. Ukishavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji kwenye lile daraja la mita 720 lililozinduliwa Mei 2010, mambo yanabadilika. Kuna udongo mwekundu wa kupandia Mueda, kisha mteremko wa kuelekea Mocímboa da Praia, na baada ya hapo karibu kila njia inayoiacha barabara kuu kwenda ufukweni ni mchanga mtupu. Dereva anashuka, anapunguza upepo, anaendelea. Akirudi kwenye ardhi ngumu anaujaza tena.

Vipima upepo vingi vinavyouzwa leo vimebuniwa kwa mtu asiyefanya hivyo hata mara moja kwa mwaka. Yeye hujaza matairi kituo cha mafuta na kuyasahau, na kifaa kinamkumbusha yakipungua. Ndiyo maana swali langu la kwanza, kabla ya bei na kabla ya uzuri wa skrini, ni kama kifaa kinakubali kwamba tairi lilelile linaweza kuwa na presha mbili tofauti na zote zikawa sahihi. Kisipokubali hilo, hakifai pwani hii, hata kama kimesifiwa namna gani kwingine.

Kwanza tuone kwa nini gari kubwa linakihitaji kifaa hiki kuliko gari dogo. Dereva wa gari dogo akipata pancha usukani humwambia. Kwenye gari la tani tano au sita lenye matairi pacha nyuma, tairi la ndani linaweza kuisha upepo kabisa na dereva asijue, kwa sababu mwenzake amebeba mzigo wote. Yule mwenzake sasa amezidiwa, anachemka, na lile lililoisha upepo linasagika na kusuguana naye. Moto wa magurudumu ya nyuma kwenye malori na mabasi mara nyingi huanzia hapo. Tairi la ndani halionekani ukizunguka gari asubuhi, na kulipiga teke au kulibonyeza hakukuambii kitu cha kuaminika.

Kuna sababu nyingine ya pwani hii peke yake. Tangu mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, kuna vipande vya barabara ya N380, hasa kati ya Macomia na Awasse, ambavyo magari yamekuwa yakipita kwa misafara inayosindikizwa na askari. Hakuna dereva anayetaka kusimama katikati ya msafara afungue nati. Kifaa kinachokuambia kwamba tairi linavuja polepole, na limebaki na upepo wa kukufikisha kijiji kinachofuata, kinakupa nafasi ya kuchagua mahali pa kusimama.

Sasa hesabu, maana bila hesabu utakilaumu kifaa kizuri na kukisifu kibaya. Chukua tairi la psi 65 lililopimwa alfajiri, hewa ikiwa nyuzi 25. Likikimbia lami mchana na hewa ya ndani ikafika nyuzi 60, presha itapanda hadi karibu psi 74 bila mtu kuongeza chochote. Tairi limeundwa kulivumilia hilo. Anayeshtuka akatoa upepo mchana ili irudi 65 atalikuta alfajiri likiwa na psi 56 au 57, na ataanza safari na tairi legevu lililobeba nyumba nzima. Kwa hiyo kifaa ambacho kengele yake ya juu imefungwa asilimia 10 tu juu ya presha ya asubuhi kitapiga kelele kila saa sita mchana, na dereva atazoea kutokisikiliza. Tafuta kinachokuruhusu kuiweka asilimia 20 hadi 25 juu. Na ukipanda uwanda wa Mueda, karibu mita 800 juu ya bahari, geji inaweza kubadilika psi moja hivi kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Hiyo usihangaike nayo.

Kengele ya chini ndiyo inayonikosesha raha zaidi. Asili yake ni Marekani: baada ya matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye Ford Explorer kubanduka na magari kupinduka, watu wengi wakafa, Bunge la huko likapitisha sheria ya TREAD Oktoba 2000. Kutokana nayo kila gari dogo jipya, kuanzia modeli za 2008, lilitakiwa kumwonya dereva presha ikishuka asilimia 25 chini ya ile iliyopendekezwa. Magari ya zaidi ya kilo 4,536 yaliachwa nje, na gari-nyumba kubwa likaachwa pamoja nayo. Ulaya nayo ilianza na magari madogo, na malori na mabasi mapya yakafikiwa na sharti hilo miaka ya karibuni tu. Gari lako, ambalo pengine ni basi dogo la Coaster au Rosa lililogeuzwa, au lori kuukuu lenye chumba mgongoni, halina kitu kiwandani. Unachonunua dukani ni hiari yako, na wauzaji wengi wamekopa kile kiwango cha asilimia 25 bila kufikiri. Piga hesabu: asilimia 25 chini ya 65 ni psi 49. Tairi lililobeba mzigo wake kamili likifika 49 limekwisha kukimbia muda mrefu likijikunja na kuchemka ubavuni, na madhara yake hayaonekani kwa nje. Mimi ningetaka kengele ya kwanza ilie kwenye asilimia 10 au 12, yaani karibu psi 57 au 58, na kengele kali zaidi ifuate chini ya hapo. Kifaa kisichokuruhusu kuweka kiwango mwenyewe, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, kirudishe kwenye sanduku lake.

Tuingie mchangani. Wengi hushusha upepo hadi karibu nusu ya presha ya lami. Wenye gari zito na matairi pacha huishia juu kidogo ya hapo, na mwendo hauzidi kilomita 30 au 40 kwa saa. Tuseme umeshuka hadi psi 38. Kifaa cha kawaida kinaona maafa: matairi sita, yote yamepungua, kengele sita. Unakinyamazisha. Nusu saa baadaye mwiba au jiwe la matumbawe linatoboa tairi la nyuma, na kifaa ulichokinyamazisha kimenyamaza kweli.

Vifaa vilivyofikiriwa vizuri vinalitatua hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuhifadhi seti mbili za presha, ya lami na ya mchanga, ukabadilisha kwa kitufe. Ya pili naipenda zaidi: kengele ya kuvuja kwa haraka, ambayo haijali presha ilikuwa ngapi. Inaangalia tu kama upepo umeshuka psi kadhaa ndani ya dakika moja au mbili. Inafanya kazi kwenye 65 na inafanya kazi kwenye 38. Soma kijitabu cha maelekezo uone kama kunyamazisha kengele ya presha ya chini kunainyamazisha na hii pia. Kama ndiyo, kifaa hicho kinafaa lami tu. Angalia vilevile kinavyofanya ukikianzisha upya, kwani kuna vinavyochukua presha vilivyoikuta muda ule kuwa ndiyo sahihi. Ukikianzisha upya mchangani, kitaamini kwamba 38 ndiyo kawaida, na utarudi lami na matairi yaliyolegea huku taa zote ni za kijani.

Aina za vifaa ni tatu, na moja naiondoa mara moja. Ile isiyo na sensa ndani ya tairi, inayokadiria presha kwa kulinganisha mwendo wa magurudumu kupitia breki za ABS, haifai kwenye mchanga ambako magurudumu huteleza kila mara, wala haikuambii psi ngapi.

Inabaki ya ndani na ya nje. Sensa ya ndani hufungwa kwenye rimu. Inasoma joto la hewa yenyewe, haiibiwi, haigongwi na vichaka, na betri yake hudumu miaka kadhaa. Tatizo lake liko kijiweni kwa fundi pancha. Njia nzima ya Mueda, Awasse na Macomia tairi hutolewa kwenye rimu kwa vyuma na nguvu za mikono, na sensa ya ndani huvunjika hapohapo fundi asipojua ilipo. Ukiichagua, paka alama ya rangi kwenye rimu mkabala na vali, na mwambie fundi kabla hajaingiza chuma.

Sensa ya nje huvaliwa kwenye vali mahali pa kifuniko. Ni rahisi, unaweza kuihamishia kwenye gari jingine, na betri yake unaibadilisha mwenyewe. Nyingi hutumia ile ya duara bapa, CR1632 au CR2032. Lakini kila unapotaka kutoa upepo lazima uifungue, na nyingine zina nati ya kuzuia wezi inayodai spana yake ndogo. Kufungua sita, kupunguza upepo, kufunga sita, kisha kurudia kazi yote jioni, ni mzigo wa kweli. Kwa hiyo kwa mtu wa mchanga napendekeza sensa ya nje yenye tundu la kupitisha upepo, ambayo unajaza na kupunguza bila kuivua. Ni nzito zaidi, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibikiwa: uzito ule kwenye vali ya mpira huichezesha shingo yake kila gurudumu linapozunguka, hadi mpira unachanika kwenye rimu. Weka vali za chuma kwanza. Nazihesabu kuwa sehemu ya bei ya kifaa, na muuzaji asiyekutajia jambo hilo hajui anachouza.

Chuma nacho kina mambo yake kando ya bahari. Hewa ya Palma na ya Ghuba ya Tungue imejaa chumvi. Shaba nyeupe ikifungwa kwenye vali ya alumini na kulowa maji ya chumvi, alumini huliwa pale nyuzi zinapokutana, na baada ya msimu mmoja sensa na vali huwa kitu kimoja. Unavuta sensa, inakuja na vali yake, na upepo wote unatoka. Chagua vali za shaba iliyopakwa nikeli kwa sensa za shaba, paka grisi kidogo ya silikoni kwenye nyuzi, na fungua kila sensa mara kwa mara hata kama huna haja. Kuhusu maji, usikubali chini ya kiwango cha IP67, kinachozuia vumbi lote na kuvumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Masika yakiujaza mto Messalo, magurudumu yako yatazama zaidi ya hapo ukishindwa kungoja, na kungoja ni bora.

Mawimbi ya redio nayapita haraka. Vifaa vya soko la Ulaya hutumia megahezi 433, na vingi vya Marekani na Japani 315. Gari lililotumika Japani likiwa na sensa zake za zamani haliwezi kuzungumza na skrini uliyonunua kwa kipimo kingine, kwa hiyo angalia namba hiyo kwenye sanduku. Gari refu lenye bati nene linahitaji kifaa cha kati cha kupokea na kusukuma mawimbi mbele, kifungwe karibu na ekseli ya nyuma. Sanduku lisilokuwa nacho ni la gari dogo. Skrini isomeke kwenye jua la saa saba na ipunguzwe mwanga usiku. Zaidi ya hapo rangi zake hazinihusu. Wenye kutegemea programu ya simu peke yake siungani nao, kwa sababu simu huzimika, huita na hudondoka chini ya kiti.

Dukani, iwe Mtwara, au Dar es Salaam kwenye vipuri vya Kariakoo na Ilala, au Pemba ya Msumbiji, omba kukijaribu kabla ya kulipa. Beba geji yako unayoiamini. Pima tairi baridi, funga sensa, linganisha: tofauti ya psi moja au mbili inakubalika, na muhimu zaidi ni kwamba sensa zote zitofautiane kwa kiasi kilekile. Legeza sensa moja upepo utoke, uhesabu sekunde hadi kengele ilie. Ifunge tena, uone kama namba mpya inarudi bila kulianzisha upya gari. Kisha punguza upepo wa tairi moja hadi kiwango cha mchanga, nyamazisha kengele, na legeza tena kidogo. Kifaa kikilia mara ya pili, toa pesa. Kabla hujaondoka chukua sensa ya saba kwa tairi la akiba, ambalo mara nyingi huning'inia chini ya gari miezi mingi bila kuguswa, na andika namba ya gurudumu kwenye kila sensa kwa rangi isiyofutika, kwa sababu mchangani, gizani, watu wawili wakifungua na kufunga kwa haraka, ya kushoto huishia kulia.