Kila Mafuta na Mbao Yake

Wengi wakisifu jahazi husifu tanga. Mimi namsifu fundi aliyechutama ubavuni mwa chombo, pale Nungwi au Matondoni, nyundo na chembeu mkononi, kopo la mafuta ya nazi miguuni. Anasokota pamba, anaichovya mpaka ishibe, kisha anaishindilia kati ya ubao na ubao. Anagonga huku akisikiliza. Pamba ikiwa bado legelege, nyundo hutoa mlio mfu. Ikishabanana, sauti hukaza, kana kwamba mwanya haukuwahi kuwapo. Hapo tu ndipo anaposogea shibiri moja mbele, akaanza upya. Ndiyo kalafati hiyo, na chombo kikubwa kina mianya ya kumkatisha mtu tamaa.

Mafuta hayo hayo ukiyapaka meza ya sebuleni utajuta. Mafuta ya nazi hayakauki. Asidi zake za mafuta, kama asilimia 90, zimekwisha kushiba, hazina pa kushikana na oksijeni ya hewani. Basi hubaki majimaji, yakakusanya vumbi, mwisho yakachacha. Lakini kwenye mwanya wa jahazi, kutokauka ndiko kunakotakiwa. Chombo hakitulii: mbao hunywa maji zikavimba, kikipandishwa pwani zikasinyaa juani. Kijazio kikavu kingepasuka. Pamba yenye mafuta hubaki laini, hufuata mbao ziendako. Aliyeligundua hilo hakuwa na maabara. Alikuwa na chombo kinachovuja.

Tusidanganyane, hata hivyo. Mafuta ya mbegu si sumu ya kila kitu. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha maji, nayo si kazi ndogo, maana mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Ya mwarobaini yana uchungu unaovuruga ukuaji wa wadudu, ila jua na mvua huuvunja upesi, itabidi urudie. Nguzo iliyochimbiwa ardhini haiokolewi na mafuta ya aina hiyo. Ndiyo maana watu hukimbilia oili chafu ya gereji. Mchwa huenda wakakaa mbali, sikatai, lakini uchafu wake unaingia ardhini, na rangi haishiki tena juu yake.

Kwa mlango, nipe mafuta ya kitani. Haya hukauka kweli: zaidi ya nusu yake ni asidi ya linoleniki, ambayo hunasa oksijeni, ikajifunga na kugeuka utando mgumu ndani ya vinyweleo vya mbao. Ustadi uko katika uchache. Fundi mzuri hupaka kidogo, husubiri mbao inywe, kisha hufuta yote yaliyobaki juu, hata kama mwenye mlango ananung'unika kwamba mafuta yake yanaishia kwenye matambara. Mwenye haraka hupaka kama anayepaka siagi, na mlango wake unanata kwa siku nyingi.

Matambara hayo nayo yana adabu yake. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto. Ukiyarundika matambara kwenye kona ya karakana, joto hukosa pa kutokea, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yaanike moja moja nje penye upepo, au yatose kwenye ndoo ya maji kabla hujafunga karakana.