Iskandar Aitwapo Vitani Tena

Wafalme wengi walizikwa wakatulia. Iskandar wa Makedonia hakutulia. Alifariki Babeli mwaka 323 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, hajatimiza miaka 33, na tangu hapo watungaji wamekuwa wakimwamsha, kila mmoja kwa haja yake. Wagiriki walimzulia hekaya za nchi za giza na wanyama wa ajabu. Firdausi, katika Shahnama aliyoikamilisha mwaka 1010 Miladia, alimfanya nduguye Dara kwa baba mmoja, ili Uajemi uonekane umeshindwa na mwanawe, si na mgeni. Nidhami wa Ganja alimvika joho la hekima. Wamalay, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, wana Hikayat Iskandar Zulkarnain. Na katika wafasiri wa Kurani wapo waliosema kuwa yeye ndiye Dhulkarnaini wa Sura ya al-Kahf, na wapo waliolikataa jambo hilo katakata.

Katika safu hii ndefu ya waitaji amejiunga Gen Urobuchi wa Japani. Riwaya yake, Fate/Zero, ilitoka kwa juzuu nne baina ya mwisho wa 2006 na mwisho wa 2007, ikiwa utangulizi wa kisa alichokibuni Kinoko Nasu kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa mwaka 2004. Baadaye, 2011 na 2012, ilionyeshwa kwa katuni za televisheni. Mpenzi wa tenzi asiidharau kwa asili yake hiyo. Waganga saba wanakutana katika mji wa kubuni wa Fuyuki, kila mmoja akamwita shujaa mmoja wa kale apigane kwa niaba yake, na mshindi apate kikombe kinachotimiza matakwa. Mtu wa pwani hatapotea njia hapa: pepo akipanda, huulizwa jina lake na haja yake. Katika riwaya hii mashujaa huficha majina, kwani ajuaye jina hujua na mahali pa kuulia, kama alivyouawa Fumo Liyongo kwa siri ya kitovu chake. Iskandar peke yake analitangaza jina lake mbele ya maadui, kwa sauti ya kunadi.

Jina lenyewe lastahili kutazamwa. Mwandishi hakuchagua umbo la Kigiriki. Alichagua Iskandar, umbo lililozaliwa pale Waarabu walipoisikia silabi ya kwanza ya Aleksandros kama al- ya kwao, wakaitenga. Basi anayeitwa si yule wa historia, ambaye mamake Dara alimpita akaenda kumsujudia swahiba wake Hephaestion, akidhani yule mrefu zaidi ndiye mfalme. Huyu wa riwaya ni pande la mtu, mwenye ndevu nyekundu na kicheko cha radi, kwa kuwa hekaya imekwisha kumkuza. Vitu vya mwanzo anavyovichukua duniani ni viwili: Iliadi ya Homer na kitabu cha ramani. Hapo mwandishi amelenga shabaha, maana Plutarch anasimulia kwamba Iskandar alilala na Iliadi chini ya mto wake, pamoja na jambia.

Kilele cha riwaya ni karamu ya wafalme watatu, Iskandar, Gilgamesh na Arthur, ambaye hapa ni mwanamke. Arthur anataka kuurudisha wakati nyuma ili aiokoe nchi yake iliyoanguka. Kwake yeye, kama wasemavyo wahenga, ukubwa ni jaa: mfalme huzaliwa abebe takataka za watu wote, na abebe peke yake. Iskandar anamkatalia. Mfalme, asema, ni yule mwenye tamaa kuliko wote, acheke na akasirike kuliko wote, hata wafuasi watamani kuwa yeye. Kisha anaithibitisha hoja yake kwa kuliita jeshi lake: jangwa linafunguka, na maelfu ya wandani waliokwisha kufa wanasimama nyuma yake, wakiwa wamefungwa naye kwa mapenzi yanayolishinda kaburi.

Ni picha ya kusisimua, lakini si kweli yote. Mwaka 326, baada ya safari ya miaka minane, jeshi hilohilo lilifika ukingoni mwa mto Hyphasis, nchini India, likakataa kuendelea. Coenus, mmoja wa majemadari, alisema kwa niaba ya waliochoka. Mfalme alijifungia hemani akanuna, kisha akajenga madhabahu kumi na mbili, akageuza njia. Miaka miwili kabla yake alikuwa amemuua Cleitus kwa mkuki karamuni, ilhali Cleitus ndiye aliyeiokoa roho yake vitani. Mwaka 325 aliwapitisha watu wake jangwa la Gedrosia, wengi wakafa kwa kiu. Hawa nao wamo katika jeshi lililofufuliwa? Na waliouzwa utumwani Thebes mwaka 335, na wa Tiro mwaka 332, nani amewaita? Riwaya imempa mshindi kile ambacho uhai ulimnyima: askari wasiosema hapana. Arthur anashindwa katika mjadala ule kwa sababu hapana aliyeutaja mto Hyphasis.

Hata hivyo riwaya inajikomboa, na aliyeikomboa ni mdogo kuliko wote. Waver Velvet, mwanafunzi dhaifu kutoka London, amemwita Iskandar kwa kipande cha joho alichomwibia mwalimu wake aliyemdharau. Anataka sifa, anapata mfalme anayempiga makofi ya mgongo hadi aanguke. Polepole anajifunza kujipima bila kujidanganya. Usiku wa mwisho Gilgamesh analiangamiza jangwa pamoja na jeshi lote, na mfalme anabaki na huyu mmoja. Anamwomba awe mwandani wake. Kijana anakubali huku machozi yakimtoka. Kisha anamwamuru aishi, ashuhudie, na asimulie. Iskandar anakimbilia kifo akiiota bahari ya mwisho wa dunia, na anatambua kuwa mvumo wa mawimbi aliokuwa akiusikia ni mapigo ya moyo wake mwenyewe. Ajuaye hadithi ya Khidhri na maji ya uzima, ambayo Iskandar aliyatafuta gizani asiyapate, ataitambua njaa hii: mshindi amepewa kila kitu ila kile alichokitaka.

Hapo ndipo riwaya inapokuwa kubwa. Jeshi la maelfu linasisimua macho; kijana mmoja aliyeachwa hai darajani anabaki moyoni, kwa kuwa yeye anaweza kukataa na hakukataa. Nayo amri aliyoachiwa ndiyo kazi ya mtungaji tangu zama za Firdausi: kusimulia jinsi mfalme alivyoishi. Asimulie karamu, joho na farasi. Asimulie na mto Hyphasis, maana mapenzi ya wale askari hayakupungua kwa kusema hapana. Walimpenda mfalme wao, na walitaka kurudi kwao.