Ufundi wa Kutua

Ukimtazama Klay Thompson, mchezaji wa ligi ya NBA ya Marekani, akirusha mpira wa kikapu, usianze na mkono. Anza na miguu. Nyayo zinatua karibu kwa pamoja, magoti yanakunjika kidogo, nguvu inapanda kutoka visiginoni hadi ncha za vidole. Mkabaji anapoinua mikono, mpira umeshaondoka. Desemba 2016, dhidi ya timu ya Indiana, alifunga pointi 60 kwa dakika 29, na usiku mzima aliudunda mpira mara 11 tu.

Huku pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Palma na Mocímboa da Praia, sisi ni watu wa soka. Kikapu tunakihesabu kuwa mchezo wa Maputo, mji ulioandaa mashindano ya wanawake ya Afrika mwaka 2013, Msumbiji ikawa ya pili. Hata hivyo, aliyekulia ufukweni atamwelewa mchezaji huyu upesi. Mchanga humfundisha mtu kwamba kuruka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutua.

Tarehe 13 Juni 2019, katika fainali ya ligi dhidi ya timu ya Toronto, Thompson alitua vibaya. Kano ya mbele ndani ya goti la kushoto, ile inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, ilikatika. Alitoka akichechemea, akarejea kurusha mitupo miwili huru, akaifunga yote, ndipo akaondoka. Novemba 2020, alipokuwa akijiandaa kurudi, kano kubwa ya kisigino cha kulia nayo ikakatika mazoezini.

Kazi iliyofuata haina shangwe. Kano inayopandikizwa gotini hudhoofika kwanza, kisha ndipo ikomae, na maumivu hupoa miezi mingi kabla goti halijawa tayari. Kisigino nacho kinamdai mtu ajifunze upya kujiinua kwa vidole vya mguu mmoja: mara moja, mara mbili, kesho tena. Kwa mrushaji, hapo ndipo shina la mtupo lilipo.

Tarehe 9 Januari 2022, siku 941 tangu fainali ile, alicheza dhidi ya timu ya Cleveland na kufunga pointi 17. Juni mwaka huo akatwaa ubingwa wake wa nne wa ligi. Wepesi wa kukaba haukurudi wote, lakini msimu wa 2022/23 alifunga mitupo 301 ya pointi tatu, kuliko mchezaji yeyote wa ligi ile.

Vijana wetu wakiumia goti, mara nyingi hukandwa tu na kurudi uwanjani maumivu yakipoa. Upasuaji kama wake wengi hatuumudu. Lakini kuimarisha paja na kigimbi kila siku, na kukataa kuharakishwa na wenzako, hakuhitaji fedha. Sehemu hiyo ya ufundi wake tunaweza kuiiga kuanzia leo.